Majani Yaliwe, Monaki Aje: Maswali ya Wasomaji wa Bustani

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani na Canada, na zinahusu kipepeo monaki pamoja na mmea anaoutagia mayai, milikwidi. Kwa asiyeujua, milikwidi ni jina la pamoja la mimea ya jenasi Asclepias. Nyingi kati yake ukizivunja jani hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Kiwavi wa monaki hana chakula kingine. Utomvu huo una sumu inayodhuru moyo, kiwavi huihifadhi mwilini mwake, na ndiyo inayomfanya ndege amteme. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Aprili nilimwaga pakiti nzima ya mbegu za milikwidi kwenye tuta na nikamwagilia kila siku. Juni imefika, sijaona hata mche mmoja. Niliuziwa mbegu mbovu? — Msomaji wa Ohio

Huenda mbegu zilikuwa nzima kabisa. Mbegu za milikwidi za maeneo ya baridi hulala. Zingekuwa zinaota mara tu zinapoanguka Oktoba, miche yote ingeuawa na theluji. Kinachoziamsha ni kukaa wiki kadhaa mahali penye unyevu na baridi kwa pamoja. Wewe ulizipanda zikiwa kavu, tena baridi ikiwa imeshapita. Usilifukue hilo tuta, maana baadhi yaweza kuota mwakani.

Kuna njia mbili, na sisi tunaipenda ile ya kivivu. Subiri hadi Novemba, ardhi ikiwa imepoa lakini haijaganda. Ondoa nyasi zote, kwatua juu juu kwa reki, tawanya mbegu, zigandamize kwa kiatu, kisha zifunike kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Usimwagilie. Majira ya baridi yatafanya kazi iliyobaki. Tawanya mara tatu ya mimea unayoitaka kwa sababu panya, ndege na maji ya mvua vitachukua fungu lao, na weka vijiti vya alama, la sivyo Mei utaipalilia miche yako mwenyewe ukidhani ni magugu.

Njia ya pili ni friji. Chukua mchanga safi, uloweshe, kisha uukamue kiganjani: ushikamane lakini usidondoshe tone. Changanya na mbegu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, andika tarehe, weka kwenye friji ya kawaida yenye nyuzi 1 hadi 5 za selsiasi. Si kwenye friza. Siku 30 ni za chini kabisa. Wiki 6 ni salama zaidi. Watu wengi hutumia karatasi ya tishu badala ya mchanga, na inafaa, ila mbegu zikitangulia kuchipua, vijizizi hujisokota kwenye tishu na hukatika unapovitoa. Kagua kila wiki. Ukiona ukungu, suuza mbegu na ubadilishe mchanga. Ukiona kizizi cheupe, panda siku hiyohiyo.

Baada ya friji, panda kwenye vikopo vyenye kina cha sentimita 10 au zaidi, mbegu mbili mbili, kina cha milimita 5. Kwenye joto la nyuzi 21 hadi 25 zitaota ndani ya siku 7 hadi 14. Hapa ndipo wengi hupoteza miche: wanamwagilia juu kila siku, udongo haupati nafasi ya kukauka, shina linanyauka usawa wa ardhi na mche unalala chali. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu, na mche ulioanguka hauinuki tena. Mimina maji kwenye sahani iliyo chini ya vikopo, subiri nusu saa, mwaga yaliyobaki, kisha acha uso wa udongo ukauke kabla ya kurudia.

Miche ikifika sentimita 8 hadi 15 na jalidi ya mwisho ikiwa imepita, izoeshe nje kidogo kidogo kwa wiki moja, kisha ihamishie shambani ukiacha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmoja na mwingine. Hamisha na donge lake la udongo bila kulivunja. Milikwidi haipendi mizizi yake kuguswa. Ipate jua la saa 6 au zaidi kwa siku.

Kwa Ohio, udongo wako ukiwa mfinyanzi unaoshika maji, chagua Asclepias incarnata. Ukiwa mkavu na wa kichanga, chagua A. tuberosa, ile ya maua ya rangi ya chungwa. A. syriaca ipande tu kama una nafasi kubwa, kwa sababu tutakazozieleza mbele. Maua ya syriaca usiyatarajie mwaka wa kwanza, kwani mwaka huo mmea hujenga mizizi. Majani lakini yatakuwepo, na kiwavi ndiyo anayoyataka.

Shikamooni wahariri. Nina milikwidi ya maua mekundu na manjano niliyoinunua miaka mitatu iliyopita. Haikauki, hata Januari inachanua na viwavi wapo. Ila vipepeo wengi wanatoka na mabawa yaliyokunjamana, wanaanguka chini na kufa. Jirani anasema niung'oe. Ni kweli mmea wenyewe unawaua? — Msomaji wa Houston, Texas

Marahaba. Mmea hauui. Kinachoua ni kimelea, na mmea wako unakipa makao mwaka mzima.

Kimelea chenyewe ni Ophryocystis elektroscirrha, kwa kifupi OE. Monaki aliyeambukizwa hubeba spora zake, yaani vijimbegu vyake, juu ya ngozi ya tumbo, katikati ya magamba. Jike anapotaga, spora hudondoka juu ya yai na juu ya jani. Kiwavi akitoka yaiani hulila ganda la yai lake kwanza, kisha jani, na spora humwingia. Kimelea huzaliana ndani yake, na anapokuwa pupa spora mpya hutengenezwa kwenye ngozi ya kipepeo anayeumbika. Aliyebeba spora chache huonekana mzima. Aliyebeba nyingi hushindwa kujivua ganda, au hutoka na mabawa yasiyonyooka, kama hao wako. Siku chache kabla ya kutoka unaweza kuona madoa meusi yasiyo na mpangilio kwenye pupa, upande mmoja tofauti na wa pili.

Milikwidi za asili hufa juu ya ardhi kila majira ya baridi, na majani yaliyojaa spora hufa nayo. Majira ya kuchipua yakifika, majani ni mapya na safi. Mmea wako ni Asclepias curassavica, wenye asili ya tropiki ya Amerika. Houston kuna joto, haufi, spora zinarundikana juu ya majani yale yale. Pamoja na hayo, monaki wakikuta majani mabichi Novemba, baadhi huacha safari ya kwenda Mexico kupitisha majira ya baridi, wakabaki kuzaliana hapo hapo, mgonjwa akimwambukiza mzima. California imeuorodhesha mmea huu kuwa gugu hatari, na kaunti kadhaa za huko haziruhusu uuzwe.

Kwa hiyo jirani hajakosea sana. Kama huwezi kuung'oa mwaka huu, ukate mwishoni mwa Oktoba ubaki sentimita 15. Viwavi utakaowakuta wahamishie kwenye shina moja uliloliacha. Wakimaliza, likate nalo. Machipukizi yakirudi yakate tena, kila baada ya wiki 3 hivi, hadi Februari. Ulivyovikata vifunge kwenye mfuko wa taka, usivitupe kwenye mboji. Kipepeo ambaye mabawa yake hayakunyooka hataruka kamwe. Mweke kwenye bahasha ya karatasi, kisha kwenye friza usiku kucha. Ukimwacha bustanini anatawanya spora tu.

Wakati huohuo anza kuotesha za kwenu: A. viridis kwenye jua na udongo unaopitisha maji, A. perennis kwenye sehemu yenye unyevu na kivuli kidogo, A. tuberosa kwenye mchanga. Viridis hukua polepole na kwenye joto kali la Agosti yaweza kujilaza kabisa, kisha ikachipua tena. Hilo ni jambo la kawaida, usiing'oe.

Vishina vya milikwidi yangu vimefunikwa na vidudu vidogo vya manjano vyenye miguu myeusi. Nipulize dawa gani? — Msomaji wa Minnesota

Usipulize. Hao ni vidukari wa aina ya Aphis nerii. Wote ni majike, huzaa watoto hai bila dume, ndiyo sababu Jumatatu unawaona kumi na Jumamosi shina limegeuka manjano. Dawa yoyote inayoua kidukari itamuua kiwavi wa monaki, na mwarobaini umo: mafuta yake ni ya mimea, lakini kiwavi naye ni mdudu.

Vaa glovu, shika shina kati ya kidole gumba na cha shahada, teleza kutoka juu kwenda chini ukiwaponda. Kabla ya hapo geuza kila jani utazame mayai ya monaki: jeupe kama krimu, moja moja, lina mistari ya wima, ukubwa wa kichwa cha pini. Palipo na yai acha. Mpira wa maji wenye nguvu nao unafanya kazi, ukishikilia shina kwa mkono wa pili lisivunjike, ila huwaosha na viwavi wachanga. Utumie kwenye mashina uliyokwisha kuyakagua tu. Rudia baada ya siku 3 au 4.

Kama unaweka mbolea ya naitrojeni, acha. Majani laini yaliyonona ndiyo vidukari wanayoyataka, na milikwidi haihitaji mbolea kwenye udongo wa kawaida. Ukweli ni kwamba mmea mkubwa hustahimili vidukari bila kufa. Wengi wanaopuliza dawa wanapuliza kwa sababu wanachukizwa na sura yake.

Wiki iliyopita nilihesabu viwavi kumi na mmoja, leo wamebaki wawili. Hakuna maiti wala pupa. Wamekwenda wapi? — Msomaji wa Maryland

Inategemea walikuwa na ukubwa gani.

Wakiwa wameshafika sentimita 4 na zaidi, wanene, wenye mistari mikali ya njano, nyeupe na nyeusi, basi huenda wamehama wenyewe. Kiwavi aliyekomaa haoni sababu ya kubaki. Hushuka chini na kutembea, mara nyingine hadi mita 10, akitafuta mahali pa kujining'iniza: chini ya kiti, kwenye uzio, chini ya ukingo wa dirisha. Hujifunga kwa hariri, hukaa kichwa chini mwili ukiwa umekunjwa kama herufi J, na baada ya takriban siku moja huvua ngozi na kuwa pupa ya kijani yenye vidoadoa vya dhahabu. Pupa hukaa siku 8 hadi 15 kutegemea joto. Kagua viti kabla ya kuvisogeza.

Wakiwa walikuwa wadogo, wameliwa. Tuseme wazi: katika mayai 100 yanayotagwa porini, wanaofika kuwa vipepeo kwa kawaida hawafiki 10. Buibui, nyigu, sisimizi na wadudu wenye mdomo wa sindano wote hula viwavi. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi uliowafurahia kwa kula vidukari hula na mayai ya monaki. Kuna pia nzi anayetaga juu ya kiwavi. Funza wake hukua ndani, na siku kiwavi amejining'iniza, au amekwisha kuwa pupa, hujishusha kwa uzi mweupe mrefu. Ukiuona uzi huo unaning'inia, kiwavi yule amekwisha.

Tunapata barua nyingi za watu wanaotaka kuwaingiza viwavi wote ndani ya nyumba wawalee kwenye vizimba. Kulea wawili watatu na watoto, kizimba kikioshwa, hakuna ubaya. Kulea mamia hakuwasaidii monaki: msongamano hueneza OE na kuokoa wadhaifu. Ongeza mashina. Shirika la Monarch Watch, lililoanza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas, hupendekeza kituo cha monaki kiwe na milikwidi zisizopungua 10 za spishi mbili au zaidi, na tunaona hesabu hiyo ni ya busara. Spishi mbili hazizeeki siku moja. Moja ikikomaza majani, nyingine bado ina majani laini.

Jambo jingine la kutazama: jani zima linaning'inia kama limevunjika, lakini halijaliwa. Angalia kikonyo chake. Utaona pengo dogo lililotafunwa. Kiwavi mkubwa hukikata kikonyo kwanza utomvu usitiririke kwenye jani, kisha hula bila kugandwa mdomo. Usilichume jani hilo.

Nilinunua milikwidi nne zikiwa kwenye vyungu, nzuri ajabu, hazina hata tundu. Nikaweka viwavi sita. Siku ya pili wote wanatapika maji ya kijani na kujinyonganyonga. Wamekufa. — Msomaji wa Illinois

Dalili hizo ni za sumu. Mimea mingi ya vitaluni hupewa dawa zinazofyonzwa na mizizi, kwa mfano imidaklopridi, ambayo hukaa ndani ya jani kwa miezi. Kuosha majani hakuiondoi.

Mimea hiyo ifunike kwa chandarua vipepeo wasitage, au kata maua na majani yake msimu huu wote, na uyatupe. Siku nyingine muulize muuzaji swali moja mahususi: mmea huu, tangu ukiwa mbegu, umewahi kupewa dawa inayofyonzwa? Akijibu kwamba anauza mimea rafiki kwa vipepeo, hajakujibu. Mmea wenye matundu na vidukari wachache ni dalili nzuri kuliko ule usio na doa. Tahadhari pia na dawa ya kunyunyizia mbu uani, na ile ya bakteria Bt ya kuua viwavi wa kabeji: kwake kiwavi ni kiwavi.

Nyuma ya uzio wetu kuna mmea unaotambaa na kujisokota kwenye waya, una maganda yanayotoa mbegu zenye manyoya kama za milikwidi. Nimeona monaki akitaga juu yake, lakini sijawahi kuona kiwavi. — Msomaji wa Ontario, Canada

Huo si milikwidi, ingawa ni wa ukoo mmoja. Ni Vincetoxicum, mgeni kutoka Ulaya. Monaki jike hudanganyika akataga, viwavi wakianguliwa hawawezi kuula, hufa wakiwa na urefu wa milimita chache. Kila yai hapo ni hasara.

Kuutofautisha ni rahisi: unajisokota, wakati milikwidi husimama wima. Majani yake yanang'aa, ni ya pande mbili yakitazamana. Maua ni madogo ya waridi hadi zambarau iliyoiva. Ganda ni jembamba. Na ukilivunja jani utomvu wake ni maji maangavu. Chimba shingo ya mzizi yote. Ukivuta kwa mkono shina linakatika na mizizi inachipua upya. Fanya hivyo kabla maganda hayajapasuka, yaani kabla ya Agosti. Yaliyokwisha kukomaa yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani. Ontario iliiondoa milikwidi kwenye orodha ya magugu hatari mwaka 2014, kwa hiyo pahali pale pale unaweza kupanda A. syriaca au A. incarnata bila wasiwasi.

Naishi ghorofani, nina roshani tu inayopata jua la mchana. Inawezekana? — Msomaji wa Massachusetts

Inawezekana. Tumia chungu cha lita 20 au zaidi chenye matundu chini, ndani yake miche 2 au 3 ya A. incarnata. Huo ndio unaovumilia chungu kuliko wote kwa kuwa mizizi yake haiendi mbali. A. tuberosa ina mzizi mkuu mrefu. Itakaa kwenye chungu chenye kina, lakini usiuhamishe baadaye. Syriaca isahau.

Chungu hukauka haraka, na incarnata ni mmea wa kandokando ya maji. Julai utamwagilia kila siku. Majira ya baridi mizizi iliyo chunguni huganda zaidi kuliko iliyo ardhini, hivyo kizungushie chungu blanketi kuukuu au kisogeze ukutani.

Tatizo litakalokupata ni chakula kuisha. Kiwavi mmoja anaweza kumaliza mche mdogo peke yake, na jike mmoja anaweza kukuachia mayai mengi. Ukiona mayai zaidi ya 3 kwenye chungu kimoja, tafuta mapema milikwidi nyingine jirani. Watu hujaribu kuwapa viwavi vipande vya boga au tango. Mdogo hawezi kukua kwa hivyo. Mkubwa aliyebakiza siku moja mbili anaweza kuponea hapo, lakini usiutegemee mpango huo.

Milikwidi yangu ina shina moja lililozaa mashina ishirini, yameingia hadi kwenye nyasi za jirani. Inachanua sana, nyuki wamejaa, lakini haijawahi kutoa ganda hata moja. — Msomaji wa Michigan

Maswali mawili, jibu moja. Hiyo ni syriaca, na mashina yote ishirini ni mmea mmoja uliotambaa chini ya udongo. Syriaca haikubali chavua yake yenyewe. Nyuki wanahangaika kutoka ua hadi ua, lakini kote wanakopeleka chavua ni kwa mmea ule ule. Panda miche 2 au 3 iliyotokana na mbegu tofauti umbali wa mita chache, na maganda yatakuja ikishachanua.

Kwa jirani, ng'oa machipukizi yakiwa mafupi, mara kwa mara. Usipotoa nafasi ya kupata majani hudhoofika. Na ukipata maganda, yachume kabla hayajapasuka. Ganda limeiva likibonyezwa kidogo kwenye mshono linafunguka na mbegu ndani ni za kahawia. Zikiwa nyeupe, umewahi mno, na hazitaota. Ukiogopa kuchelewa, zungushia ganda ringi ya mpira.

Mwisho wa Juni unaweza kulikata fungu moja kati ya matatu ya mashina, libaki sentimita 25 hivi, baada ya kukagua mayai. Yatachipua majani laini Julai, na majike huyapendelea kuliko yale magumu yaliyozeeka.

Tuko karibu sana na pwani ya California, ambako monaki hulala kwenye mikaratusi majira ya baridi. Tupande milikwidi ngapi? — Msomaji wa California

Msipande hata mmoja, kama ni ndani ya kilomita 8 kutoka kwenye makundi hayo. Pale pwani kwa asili hapakuwa na milikwidi nyingi, na vipepeo wanapaswa kupumzika, si kuzaliana. Panda maua yanayochanua kuanzia Novemba hadi Machi wapate nekta. Ndugu zako walio bara ndani wapande A. fascicularis, yenye majani membamba. Monaki wa magharibi wameshuka sana: hesabu ya majira ya baridi ya 2020 haikufika vipepeo 2,000.

Mtoto alichuma jani akajipangusa macho. — Msomaji wa Virginia

Suuza jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke kwa daktari hata kama analia kidogo tu. Utomvu huathiri konea, na ukungu machoni waweza kuanza saa kadhaa baadaye. Kila unapofanya kazi na milikwidi vaa glovu na osha mikono kwa sabuni. Mbwa, mbuzi na farasi wasiule.

Nyumbani Afrika Mashariki nilizoea kumwona kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Je, ndiye huyu? Na naweza kutuma mbegu za milikwidi kijijini? — Msomaji wa Texas

Yule ni Danaus chrysippus, ndugu yake, mdogo kidogo kwa umbo. Naye hula mimea ya ukoo huo huo wenye utomvu mweupe, na anayo ya kwao ya kutosha. Mbegu usitume: kuvusha mbegu mipakani kunahitaji kibali cha afya ya mimea, na curassavica imekwisha kuwa gugu katika nchi nyingi za joto.

Septemba monaki wanapita kwa wingi lakini hawagusi milikwidi yangu. Na baada ya hapo nikate mashina? — Msomaji wa Kansas

Wanaopita Septemba ni kizazi cha safari. Hawatagi. Waliozaliwa Juni waliishi wiki 2 hadi 5; hawa wanaweza kuishi miezi 8 au zaidi, na wanaelekea kwenye misitu ya misunobari ya oyameli huko Michoacán na Jimbo la Mexico, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi. Wanachohitaji kwako ni nekta ya kugeuza kuwa mafuta mwilini, kwa sababu mafuta hayo ndiyo watakayoishi nayo majira yote ya baridi. Bustani yenye milikwidi peke yake imewasahau. Eneo walilolifunika huko Mexico lilikuwa hekta 18.19 majira ya 1996–97, na 0.90 tu majira ya 2023–24.

Panda Solidago, Symphyotrichum novae-angliae na Liatris ligulistylis. Hii ya mwisho ikichanua Agosti utawakuta monaki wanne au watano kwenye ufito mmoja. Kwa ua la mwaka mmoja, Tithonia rotundifolia hupandwa Mei na huchanua hadi jalidi. Panda kila aina kwa fungu la mimea 3 hadi 5 pamoja; kipepeo anayepita juu huona rangi nyingi mahali pamoja kuliko mmea mmoja mmoja. Solidago haisababishi mafua ya chavua. Chavua yake ni nzito na hubebwa na wadudu, si upepo.

Mashina yaache yasimame hadi Machi, kisha yakate sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi. Nyuki wadogo huzaliana ndani ya visiki. Halafu uwe na subira. Tuberosa na incarnata huchelewa kuamka kuliko mimea yote ya tuta, na kwenye majimbo ya kaskazini unaweza kufika katikati ya Mei bila kuona kitu. Kila mwaka tunapata barua za watu waliochimba wakapanda nyanya mahali hapo, wakakuta mzizi mnene, mweupe, mzima. Usichimbe kabla ya Juni.